William Herschel: Mwalimu wa Muziki Aliyepima Joto Lisiloonekana

Utangulizi

Walimu wengi wapya wa Sayansi huanza kazi wakiwa na malalamiko yale yale: shule haina maabara, vifaa ni haba, na vitabu havitoshi. Malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatuna nia ya kuyapuuza. Lakini zipo nyenzo mbili ambazo haziagizwi kutoka bohari yoyote, nazo ni tabia ya kulinganisha kwa makini na tabia ya kuandika kila kilichoonekana. Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeishi kwa tabia hizo mbili, William Herschel, na kuonyesha jinsi maisha hayo yanavyoweza kutumika katika kufundisha Joto, Nuru na Nyota.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayefundisha Picha ya Ndege, kule Kibaha. Jioni ya mwezi Juni, yapata saa mbili usiku, umeme ukiwa umekatika na mbingu zikiwa safi, wanafunzi wake wakielekeza nyuso kusini watauona Msalaba wa Kusini. Juu ya Msalaba huo, upande wa kushoto, kipo kitone chenye ukungu ambacho jicho kali hukitambua bila chombo chochote. Wataalamu hukiita Omega Centauri. Kitone hicho si nyota moja wala si wingu. Ni fungu la nyota zipatazo milioni 10, zilizosongamana kwa umbo la mpira, na nyingi kati yake zina umri wa miaka ipatayo bilioni 12. Mafungu ya namna hii huitwa mafungu tufe. Ndani yake zimo nyota nyekundu zinazozeeka, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, na ambazo sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka kwa miale isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu.

Sasa, mwalimu atamfundishaje mtoto jambo ambalo mtoto hawezi kuliona, na ambalo mwalimu mwenyewe hawezi kuliona? Swali hili ndilo linalotuleta kwa Herschel. Yeye alichunguza mafungu tufe, akazifuatilia nyota nyekundu zinazobadilika, na akawa wa kwanza kuipima miale iliyo nje ya rangi nyekundu. Hakupata kujua kwamba mambo hayo matatu siku moja yangekutana katika somo moja.

Utoto na ujana

Herschel alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738 katika mji wa Hannover, Ujerumani. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika bendi ya jeshi. Nyumba yao haikuwa na mali, lakini ilikuwa na mazungumzo. Baba alipenda kujadiliana na watoto wake juu ya muziki, falsafa na nyota. Kijana William aliingia bendi ile ile ya baba yake akiwa bado mdogo, akajifunza kupiga ala kadhaa.

Mwaka 1757, wakati wa vita kati ya Ufaransa na wapinzani wake, jeshi la Hannover lilishindwa, na kijana huyo akakimbilia Uingereza. Alifika huko akiwa mgeni asiye na kitu. Alianza kwa kunakili karatasi za muziki, akaendelea kwa kufundisha na kupiga muziki katika miji mbalimbali, na hatimaye mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Bath. Humo alikaa miaka 16.

Ni vema mwalimu akumbuke jambo hili: huyu tunayemwita mwanajimu alikuwa kwanza mwalimu wa kazi. Kulikuwa na nyakati ambapo alifundisha masomo zaidi ya 30 kwa wiki, mbali na mazoezi ya kwaya na maonyesho ya muziki. Elimu ya nyota aliipata usiku, baada ya kazi, kwa kusoma mwenyewe. Alianzia kitabu cha nadharia ya muziki kilichoandikwa na Robert Smith. Kwa kumpenda mwandishi huyo akatafuta kitabu chake kingine, kilichohusu nuru na darubini. Kitabu kimoja kikazaa kingine, na kwa njia hiyo mwanamuziki akajikuta mlangoni mwa sayansi.

Caroline

Mwaka 1772 Herschel alirudi Hannover kumchukua mdogo wake wa kike, Caroline, aliyezaliwa mwaka 1750. Caroline alikuwa ameugua sana utotoni, akabaki mfupi wa kimo, na mama yao alikuwa ameamua kwamba kazi yake maishani iwe ni kuitumikia nyumba. Elimu aliyopewa ilikuwa kidogo kwa makusudi. Ili mama akubali kumwachia, ilimbidi Herschel atoe fedha za kumlipa mtumishi atakayeshika kazi za Caroline.

Huko Bath kaka yake alimfundisha uimbaji, Kiingereza na hesabu, mara nyingi wakiwa mezani wakati wa chakula. Baadaye, usiku wa kuchunguza nyota ulipowadia, Caroline ndiye aliyekaa penye taa, saa na daftari, akiandika kila neno lililotamkwa na kaka yake kutoka kwenye darubini. Mchana alinakili yale maandishi na kufanya hesabu zote. Yeye mwenyewe alivumbua nyota-mkia nane, ya kwanza mwaka 1786, na mwaka 1787 mfalme wa Uingereza akampangia mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Wakati huo hakukuwa na mwanamke mwingine nchini humo aliyelipwa mshahara kwa kazi ya sayansi.

Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu wasimulizi wengi hulipitia haraka. Bila daftari la Caroline, macho ya William yasingetuachia kitu. Aidha, msichana aliyehesabiwa kuwa hafai zaidi ya jikoni ndiye aliyekuja kutunukiwa nishani ya dhahabu ya chama cha wanajimu cha Uingereza mwaka 1828. Mwalimu mwenye wasichana wanaokaa nyuma darasani hahitaji mahubiri marefu zaidi ya hayo.

Kutengeneza darubini

Darubini zilizouzwa wakati huo zilikuwa ama ndogo mno ama ghali mno kwa mwalimu wa muziki. Herschel aliamua kutengeneza yake mwenyewe. Kioo cha darubini yake hakikuwa cha bilauri, bali cha metali, mchanganyiko wa shaba na bati, kilichosuguliwa mpaka kikabonyea kwa kipimo sahihi na kung'aa. Usuguaji wa mwisho haukuruhusu kupumzika. Safari moja alisugua kwa saa 16 mfululizo bila kuondoa mikono, na Caroline ikambidi amlishe tonge kwa tonge.

Si kila jaribio lilifaulu. Mwaka 1781 alijaribu kusubu kioo kikubwa nyumbani kwake, katika kalibu ya udongo uliochanganywa na samadi ya farasi. Kalibu ilivuja, metali ya moto ikatapakaa sakafuni, na mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka huku na huku. Watu waliokuwamo wakakimbilia nje. Baadaye alianza tena.

Tarehe 13 Machi 1781, akitumia darubini yake yenye kioo cha upana wa sentimeta 16 hivi, aliona kitu kilichofanana na nyota lakini chenye umbo la duara dogo. Siku chache baadaye kilikuwa kimehama. Yeye alidhani ni nyota-mkia. Hesabu za wataalamu wengine zikaonyesha kuwa ni sayari mpya, inayoitwa leo Uranus. Tangu kale watu walizijua sayari zinazoonekana kwa macho, na Zohali ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Sasa mwalimu wa muziki alikuwa ameongeza nyingine. Mfalme alimpa pauni 200 kwa mwaka, fedha pungufu ya alizokuwa akizipata kwa kufundisha, nazo zikamwezesha kuacha muziki mwaka 1782 na kuhamia karibu na jumba la kifalme la Windsor.

Mafungu tufe na bustani ya mbinguni

Wakati huo Mfaransa Charles Messier alikuwa ametoa orodha ya vitu vyenye ukungu vilivyoonekana mbinguni. Vingi kati yake alivieleza kuwa ni ukungu wa mviringo usio na nyota. Herschel alivielekezea darubini yake kubwa zaidi, na kimoja baada ya kingine ule ukungu ukageuka kuwa nyota, maelfu kwa maelfu, zimesongamana katikati na kupungua pembeni. Watu wetu wa pwani wanakijua Kilimia, kishada cha nyota ambacho tangu zamani kimewasaidia wakulima kukadiria majira. Kilimia kina nyota zaidi kidogo ya elfu moja tu, tena changa na zilizotawanyika. Mafungu aliyoyaona Herschel yalikuwa ya jamii nyingine kabisa, na ndiye aliyeyapa jina la mafungu tufe mwaka 1789. Kwa miaka 20 yeye na Caroline walikusanya orodha tatu zenye jumla ya vitu 2,500 vya namna mbalimbali.

Jambo lililo muhimu zaidi kwetu ni namna alivyofikiri juu ya yale aliyoyaona. Maisha ya mtu ni mafupi mno kuweza kuona nyota ikizaliwa na kufa. Herschel akazifananisha mbingu na bustani. Anayeingia bustanini kwa saa moja tu hawezi kuona mbegu moja ikiota, ikachanua na kunyauka. Lakini akitazama mimea mingi kwa pamoja ataiona yote hayo katika miche mbalimbali, na kwa kuipanga ataelewa maisha ya mmea mmoja. Hesabu zake juu ya umri wa mafungu hazikuwa sahihi, lakini mbinu ilikuwa sahihi. Nyota nyingi za fungu tufe zilizaliwa katika kipindi kimoja, zikiwa na uzito tofauti, na zile nzito huzeeka upesi. Kwa hiyo anayelitazama fungu moja huona nyota zilizo katika hatua mbalimbali za uhai, kama mtu aliyesimama katikati ya shamba.

Kulinganisha nyota kwa nyota

Andiko lake la kwanza mbele ya chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1780, lilihusu nyota iliyo katika kundi la Nyangumi, inayoitwa Mira. Nyota hii nyekundu huonekana kwa macho kwa muda, kisha hufifia hata isionekane, na hurudi tena baada ya miezi ipatayo 11. Nyota za aina hii huitwa nyota badilifu.

Tatizo la kuzichunguza lilikuwa kwamba hapakuwa na chombo cha kupimia mwanga wa nyota. Kila mwanajimu alikadiria kwa jicho, na jicho lasahau. Herschel alitatua tatizo hilo kwa njia ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata. Hakujiuliza nyota fulani inang'aa kiasi gani. Alijiuliza inang'aa kuliko ipi na inazidiwa na ipi. Akaandika nyota kwa mfuatano, kila moja kati ya jirani zake, katika orodha alizoanza kuzitoa mwaka 1796. Mfuatano ukibadilika, basi kuna nyota iliyobadilika. Kwa njia hiyo mwaka 1795 alivumbua kwamba nyota nyingine nyekundu, iliyo kubwa katika kundi la Herkule, nayo ni badilifu.

Kipimajoto nje ya rangi

Tunafika sasa mwaka 1800. Herschel, aliyekuwa na umri wa miaka 61, alikuwa akilichunguza jua kwa darubini kupitia vioo vya rangi ili asiumize macho. Aligundua jambo la ajabu: baadhi ya vioo vilipitisha nuru kidogo lakini joto jingi, na vingine nuru nyingi lakini joto kidogo. Mtu mwingine angechagua kioo kinachomfaa na kuendelea na kazi. Yeye aliacha kazi ya jua akauliza kama kila rangi ina kiasi chake cha joto.

Alipitisha nuru ya jua katika prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pande tatu, rangi zikatandazwa juu ya meza. Akachukua vipimajoto vyenye tunguu zilizopakwa weusi. Kimoja alikiweka katika rangi, na viwili alivitenga kando penye kivuli ili vimwonyeshe hali ya hewa ya chumba. Kwa vipimo vya leo, kipimajoto kilipanda kwa digrii 1.1 za Selsiasi katika rangi ya urujuani, digrii 1.8 katika kijani, na digrii 3.8 katika nyekundu.

Baadhi ya wasimulizi husema kwamba hatua iliyofuata ilikuwa ya bahati, kana kwamba alisahau kipimajoto mahali pasipo na rangi. Sivyo ilivyokuwa. Aliyatazama matokeo yake akaona kwamba joto lilikuwa likiongezeka kuelekea upande wa nyekundu, wala halikuonyesha dalili ya kupungua pale rangi ilipokoma. Akahitimisha kwamba huenda kilele cha joto kiko mbele zaidi, penye giza. Kisha akaweka kipimajoto pale ambapo jicho lilisema hapana kitu, sentimeta moja na robo hivi nje ya ukingo wa nyekundu. Katika dakika 10 kilipanda kwa digrii 3.6. Miale iliyokipasha moto ndiyo inayoitwa leo miale ya infraredi.

Herschel aliendelea kuipima miale hiyo ya jua, ya mshumaa na ya moto wa jikoni, akaonyesha kwamba huakisiwa na vioo na hupindishwa na lenzi kama ifanyavyo nuru.

Kosa lake

Mwanzoni alielekea kuamini kwamba joto hilo na nuru ni kitu kimoja, tofauti ikiwa ni kwamba jicho halina uwezo wa kuona sehemu ile. Huo ndio ukweli tunaoufundisha leo. Lakini kabla mwaka 1800 haujaisha alibadili mawazo. Aliona kwamba mchoro wa joto na mchoro wa mwangaza haulingani, na kwamba vioo mbalimbali huzuia kimoja na kuacha kingine, akahitimisha kuwa ni vitu viwili tofauti. Vipimo vyake vilikuwa vizuri, ila tafsiri ikapotoka. Miongo kadhaa ilipita kabla wengine hawajairekebisha. Kadhalika aliamini kwamba ndani ya jua mna nchi ya baridi yenye wakazi.

Mwalimu asiyafiche mambo haya. Mwanafunzi anayesikia tu ushindi wa wataalamu hudhani kwamba sayansi ni kazi ya watu wasiokosea, na kwa kuwa yeye hukosea kila siku, hujitoa mapema. Mwanafunzi anayeelezwa kwamba vipimo vilivyoandikwa kwa uaminifu viliweza kumsahihisha hata mwandishi wake hujifunza kuheshimu daftari lake mwenyewe.

Herschel alifariki tarehe 25 Agosti 1822 akiwa na umri wa miaka 83. Caroline aliishi hadi mwaka 1848. Mwanawe, John, alisafiri na darubini hadi Rasi ya Tumaini Jema, akakaa huko kuanzia mwaka 1834 hadi 1838, akaichunguza mbingu ya kusini ambayo baba yake hakupata kuiona, pamoja na Omega Centauri na fungu tufe jingine linaloitwa 47 Tucanae.

Yaliyofuata

Nyota ya kiasi cha jua letu hung'aa kwa sababu hidrojeni iliyo kiini mwake hugeuka kuwa heli. Hidrojeni ya kiini ikiisha, nyota huvimba mara nyingi kuliko ilivyokuwa, na uso wake hupoa mpaka kufikia digrii 3,000 hivi. Huitwa jitu jekundu. Ikizidi kuzeeka huanza kupwita kama moyo, ikipanuka na kunywea, huku ikipuliza hewa yake angani. Hewa hiyo ikipoa hufanya vumbi. Mwishowe hubaki kiini kidogo chenye moto, kiitwacho kibete cheupe. Hata jua letu litafuata njia hiyo baada ya miaka ipatayo bilioni 5.

Nyota kama hiyo hutoa sehemu kubwa ya nguvu zake kwa miale ya infraredi. Tena vumbi lake huzuia nuru ya kawaida, hupata joto, nalo hutoa miale ya infraredi. Anayeipima kwa nuru ya kawaida peke yake hudanganyika: Mira hupanda na kushuka mara mamia kadhaa kwa nuru ionekanayo, lakini kwa infraredi tofauti ni mara mbili au tatu tu. Mwaka 1981 wanajimu Ian Glass na Thomas Lloyd Evans wa Afrika Kusini walionyesha kwamba nyota za aina ya Mira zilizo katika Wingu Kubwa la Magellan hufuata kanuni: kadiri mzunguko wa mabadiliko unavyokuwa mrefu, ndivyo nyota inavyong'aa zaidi katika infraredi. Kanuni hiyo ni rula ya kupimia umbali. Anayejua nyota inang'aa kiasi gani hasa, na anaiona inang'aa kiasi gani kutoka hapa, anaweza kukadiria iko mbali kiasi gani.

Fungu la 47 Tucanae, lililo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 15,000, limo miongoni mwa mafungu yaliyochunguzwa sana kwa njia hii. Lina nyota za aina ya Mira ambazo hubadilika kwa mizunguko ya siku 190 hadi 220 hivi, na darubini ya angani iitwayo Spitzer, iliyorushwa mwaka 2003, ilionyesha vumbi kuzizunguka nyota zake zile angavu kabisa. Mwaka 2009 shirika la anga la Ulaya lilirusha darubini ya infraredi yenye kioo cha upana wa mita 3.5, ikafanya kazi hadi mwaka 2013. Ilipewa jina la Herschel.

Mapendekezo kwa mwalimu

Tunapendekeza somo lianzie jikoni. Mwambie mwanafunzi alitazame jiko la mkaa jioni, chakula kikisha ivishwa. Kaa linalopoa hutoka katika rangi ya machungwa hadi nyekundu iliyofifia, kisha hufunikwa na majivu na nuru hutoweka. Hata hivyo kiganja kilichowekwa kando, kwa umbali wa salama, bado huhisi joto. Akiweka kibao kati ya jiko na kiganja, joto hukoma mara moja. Akitumia mfuniko wa sufuria unaong'aa, anaweza kuliakisi joto hilo kuelekea shavuni. Mtoto aliyefanya hivyo ameelewa kwa mkono wake kwamba kuna miale isiyoonekana inayosafiri kama nuru. Hapo ndipo mwalimu aseme kwamba jitu jekundu lililozungukwa na vumbi ni kama lile kaa lililofunikwa na majivu.

Hatua ya pili ni jaribio lenyewe la mwaka 1800. Inahitajika prizimu ya kioo, sanduku la karatasi ngumu, na vipimajoto ambavyo tunguu zake zimepakwa masizi. Prizimu ishikizwe kwenye ukingo wa sanduku, rangi ziangukie ndani penye kivuli. Kipimajoto kimoja kiwe katika buluu, kimoja katika nyekundu, kimoja nje kidogo ya nyekundu, na kimoja mbali kabisa na miale. Wanafunzi wasome na kuandika kila dakika kwa dakika tano. Shule yenye kipimajoto kimoja tu inaweza kukitumia kwa zamu, ilimradi kiachwe kivulini kipoe kabla ya kuhamishwa. Bakuli la maji lenye kioo cha kujitazamia, ambalo walimu wengi hulitumia kutandaza rangi, halifai sana hapa, kwa kuwa maji hufyonza sehemu ya miale ya infraredi. Wanafunzi waonywe wasilitazame jua. Zaidi ya yote, mwalimu asitaje jibu mapema. Awaulize wanatazamia nini, waandike makisio yao, ndipo wapime.

Hatua ya tatu ni ya usiku, nayo haihitaji chombo. Kuanzia Januari hadi Machi, nyota nyekundu iitwayo Ibuti la Jauza, au Betelgeuse, huonekana juu sana katika kundi la Jabari jioni. Hii nayo ni nyota nyekundu iliyozeeka, ingawa ni nzito mno kuliko zile za mafungu tufe. John Herschel ndiye aliyetambua mwaka 1836 kwamba hubadilika, na mwanzoni mwa mwaka 2020 ilififia sana, vumbi lake lenyewe likiwa sababu kubwa. Wanafunzi wailinganishe na jirani zake mara moja kwa wiki, waandike ipi inazidi na ipi inazidiwa, tarehe ikitajwa. Daftari hilo lisitupwe mwisho wa mwaka. Darasa linalofuata lilirithi na kuliendeleza.

Hitimisho

Herschel alikuwa na darubini zilizowashinda wenzake wote, lakini joto lisiloonekana hakulipata kwa darubini. Alilipata kwa vifaa vya mezani, kwa kulinganisha kipimajoto kimoja na vingine, na kwa kukubali kupima mahali ambapo macho yalimwambia hapana cha kupimwa. Tabia hiyo inaweza kufundishwa katika darasa lolote.

Mwanafunzi wa Picha ya Ndege anajua tangu utotoni kwamba picha huonyesha upande mmoja tu wa ndege. Nuru inayoonekana nayo ni upande mmoja tu wa nyota. Mwalimu akifaulu kumfanya mtoto aulize upande wa pili ukoje, na kumpa njia ya kuupima, atakuwa amefanya kazi yake, hata kama kabati la maabara bado ni tupu.